Nywele 60,000 na hadithi iliyofungwa mapema

Tangu mashine za kutengeneza video kwa maandishi zishuke bei, Lubumbashi imezaliwa upya mara nyingi ndani ya telefone zetu. Katika kipande kimoja treni isiyo na reli inapita juu ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Katika kingine ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba umegeuka mnara wa vioo, na roboti lenye kofia ya mchimbaji linatembea mtaa wa Kamalondo. Vinapendeza, sikatai. Vinapita kwenye vikundi vya WhatsApp, na chini yake watu wanarudia jambo lile lile kwa namna mbalimbali: kilichotutenga na sinema kubwa za bunilizi ya kisayansi kilikuwa vifaa na pesa, vifaa sasa vimefika, basi filamu ndefu ya katuni ya Katanga iko njiani. Wenye mashaka wanajibu kwamba picha nzuri namna hii ndiyo itakayoua hadithi, kama ilivyowatokea Wajapani na Wamarekani waliotangulia.

Pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja. Zote zinaamini kwamba picha na hadithi zinagombania kiti kimoja, ukimpa huyu umemnyima yule. Filamu ambayo hutajwa sana kama ushahidi ni Final Fantasy: The Spirits Within ya mwaka 2001, na ukiifuatilia kwa makini haisemi hivyo. Uzuri wake haukuiharibu, na waandishi haikuwakosa. Kwa maoni yangu iliharibiwa na mpangilio wa kazi: picha zilikuwa tayari ghali mno kufutwa wakati hadithi ilikuwa haijapita mbele ya mtu mwenye uwezo wa kusema hapana. Ugonjwa huo mashine mpya hazijauponya. Zimeurudisha kwa mlango wa nyuma.

Tuanze na historia yenyewe, maana wengi wanaitaja filamu hii bila kuijua. Hironobu Sakaguchi ndiye Mjapani aliyeanzisha michezo ya kompyuta ya Final Fantasy mwaka 1987. Baada ya kumpoteza mama yake alianza kufikiria hadithi kuhusu roho na kinachobaki mtu anapokufa, na kampuni yake, Square, ikafungua studio Honolulu, Hawaii, kwa ajili ya kuitengeneza. Watu wapatao 200 walifanya kazi kwa miaka minne hivi. Kompyuta 960 zilipangwa kukokotoa picha fremu kwa fremu. Walichokitafuta kilikuwa tofauti na katuni ya kawaida: binadamu wa kompyuta ambaye mtazamaji angemdhania mtu halisi, mwenye madoa ya ngozi na makunyanzi kando ya macho. Mhusika mkuu, Dkt. Aki Ross, alipewa nywele 60,000, kila moja ikichezeshwa peke yake, na mpango ulikuwa aje aonekane katika filamu nyingine kama mwigizaji yeyote anayebadilisha uhusika. Filamu ilitoka Marekani Julai 2001. Iligharimu takriban dola milioni 137 na kuingiza kama milioni 85 duniani kote. Mwanzoni mwa 2002 studio ya Honolulu ilikuwa imefungwa, na Aki hakupata uhusika wa pili kwa jina lake.

Sasa hadithi. Mwaka ni 2065. Miongo kadhaa nyuma kimondo kilianguka duniani kikiwa na viumbe wanaoitwa Phantoms, ambao macho hayawaoni na ambao humuua mtu kwa kumgusa tu, roho ikivutwa nje ya mwili. Waliosalia wamejifungia katika miji iliyofunikwa kwa ngao ya nishati. Aki amebeba ugonjwa wa viumbe hao ndani ya mwili wake, na pamoja na mwalimu wake, Dkt. Sid, anatafuta roho nane ambazo zikiunganishwa zitatoa wimbi la kuwazima. Jenerali Hein hana subira na mambo ya roho. Anataka kuwalipua kwa mzinga ulioko angani, hata kama mlipuko huo unaweza kujeruhi roho ya dunia yenyewe. Kupitia ndoto zake Aki anakuja kuelewa kwamba Phantoms hawakuja kuvamia. Ni wafu wa sayari iliyojiangamiza kwa vita, waliorushwa angani ndani ya kipande cha sayari yao, na hawajui walipo wala kwamba wamekwisha kufa.

Wazo hilo la mwisho ni kubwa. Wafu wanaoua walio hai bila kukusudia: mpe bibi yeyote wa mtaa wetu wa Katuba wazo hilo, usiku mzima hautamtosha. Filamu inalifikia ikiwa imechelewa, inalieleza kwa lugha ya maabara, kisha inakimbilia mlipuko. Muda wake mwingi imeshautumia kukusanya roho moja baada ya nyingine, ikiwemo ya mmea mdogo uliosalia katika magofu ya New York, jinsi mchezaji wa michezo ya kompyuta anavyookota funguo za kufungulia hatua inayofuata. Kwa nini ziwe nane, kwa nini hizi na si zile, ikikosekana moja nini kitatokea? Hatuelezwi kiasi cha kutosha kuogopa. Basi roho inapopatikana hatufurahi, na inapokaribia kupotea hatushiki roho zetu.

Na mtu mwenye jeraha la kweli ndani ya filamu hii ni yule anayepewa kazi ya ubaya. Mke na binti wa Hein waliuawa na Phantoms huko San Francisco. Analisema hilo mara moja, kwa sentensi chache, halafu filamu inamrudisha kwenye kamandi zake na macho makali. Hapo palikuwa na filamu nzima: mwanamume aliyepoteza kila kitu, anayeombwa aamini kwamba waliomuulia watu wake ni marehemu wasio na hatia. Mazungumzo yake na Aki juu ya jambo hilo yangekuwa na moto. Hayapo. Tunapata badala yake taarifa za kisayansi zinazosomwa na nyuso zilizochorwa kwa ustadi wa ajabu.

Maelezo yanayopendwa sana ni kwamba fedha na akili zote zilikwenda kwenye nywele, hadithi ikabaki na makombo. Yanavutia kwa sababu ni mepesi, lakini hayawezi kueleza kilichofuata. Kazi ya mwisho ya studio ile ile ya Honolulu ilikuwa filamu fupi ya dakika zipatazo tisa, Final Flight of the Osiris, iliyotoka mwaka 2003 ndani ya The Animatrix, mkusanyiko wa katuni fupi za ulimwengu wa The Matrix. Nyuso zilikuwa za ufundi ule ule, na mhusika wa kike alijengwa juu ya Aki mwenyewe. Hadithi yake: chombo kinagundua jeshi la mashine likichimba kuelekea mji wa mwisho wa binadamu, na lazima mtu afikishe onyo kabla chombo hakijaangamizwa. Mtoto anaielewa. Kila mruko na kila kuanguka kuna uzito kwa sababu tunajua barua inapaswa kufika wapi na nini kitatokea isipofika. Kama uzuri wa picha ungekuwa sumu ya hadithi, kipande hiki nacho kingekufa.

Maelezo ya pili yanawalaumu waandishi. Mmoja wa walioandika filamu ya Sakaguchi alikuwa Al Reinert, aliyeshiriki kuandika Apollo 13, filamu ya kisa cha kweli cha safari ya mwezini iliyoharibika, ambayo ni mfano safi wa kumshika mtazamaji koo ilhali anajua mwisho wake. Si mtu asiyejua kazi. Chukua pia Titan A.E. ya mwaka 2000, katuni nyingine ya anga yenye mandhari ya kushangaza (ile sehemu ya vipande vya barafu vikubwa kama milima bado inanitoa pumzi) na hadithi inayosahaulika kabla hujatoka ukumbini. Iliingiza takriban dola milioni 37 tu, na studio iliyoitengeneza, huko Phoenix, Arizona, ikafungwa mwezi ule ule ilipotoka. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Joss Whedon. Whedon huyo huyo ni mmoja wa walioandika Toy Story ya mwaka 1995, filamu ambayo watoto wetu bado wanaiangalia ingawa plastiki ya picha zake imezeeka vibaya. Mkono ni ule ule, matokeo ni mbingu na ardhi. Lazima tofauti tuitafute nje ya mkono.

Toy Story inatuonyesha pa kutafuta. Tarehe 19 Novemba 1993 watu wa Pixar, studio iliyokuwa ikiitengeneza, waliwaonyesha wakubwa wa Disney, waliotoa pesa, filamu ilipokuwa imefikia. Hazikuwa picha za kompyuta zilizokamilika. Zilikuwa michoro ya mkono iliyounganishwa na sauti za muda, njia ambayo wenye katuni wanaitumia kujaribu hadithi kabla ya kuingia gharama. Ilikuwa mbaya. Woody, mwanasesere ambaye ndiye mhusika mkuu, alikuwa mkatili na mnyanyasaji, hakuna ambaye angetaka kukaa naye saa moja na nusu. Disney wakasimamisha kazi. Haki itendeke: baadhi ya ukali huo ulikuja kwa shinikizo la Disney wenyewe, waliotaka wahusika wenye makali zaidi. Hata hivyo mwenye pesa alisema hapana, na alilisema wakati ambapo hapana iligharimu karatasi na mishahara ya miezi michache. Woody akaandikwa upya. Miaka michache baadaye Pixar waliijenga upya Toy Story 2 kwa takriban miezi tisa, jambo lililowaumiza vibaya wafanyakazi wake, nami silipendekezi kwa mtu. Lakini hata hapo waliokubali kubomoa walianzia kwenye hadithi.

Sasa mrudie Sakaguchi. Alikuwa mwenye wazo, mwongozaji wa filamu, na kiongozi wa juu wa kampuni iliyolipa. Nani alikuwa na cheo cha kumwambia kwamba roho nane ni nyingi na kwamba Hein ndiye moyo wa filamu? Na hata kama yupo aliyenong'ona, dakika moja ya sinema ni fremu 1,440. Katika studio ambayo kila fremu ilikuwa inatafuna saa za kompyuta kwa sababu ya nywele na ngozi, kuondoa dakika tano katikati ya filamu ni kuzika kazi ya watu wengi. Mtu mwenye busara kabisa, akiwa mahali pale, angechagua kuweka sentensi mbili za maelezo mdomoni mwa Dkt. Sid na kuendelea. Zile sentensi za maabara zinazotuchosha ninaziona hivyo: viraka vya nguo ambayo haikuwezekana tena kukatwa upya. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watengenezaji hawakuijali hadithi. Huenda waliijali sana, ila walikuwa wamechelewa kuigusa.

Kuna watetezi wa filamu hii, na wengine si wa kupuuzwa. Roger Ebert, mhakiki Mmarekani aliyeheshimika kuliko wengi wa wakati wake, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne, akivutwa zaidi na alichokiona kuliko alichosimuliwa. Hoja ya namna hiyo ina nguvu: sinema ni macho kwanza, na kuona kitu ambacho binadamu hajawahi kuonyeshwa ni sababu halali ya kulipa tiketi. Ninaikubali kwa siku ile. Shida ni kwamba mshangao wa ufundi una tarehe ya kumalizika. Ngozi ya Aki, iliyowafanya watu wa 2001 wasogee mbele vitini, leo inaonekana ngumu na baridi, na mchezo wa kawaida kwenye kompyuta ya nyumbani unaipita. Kilichobaki cha kuhukumiwa ni kile ambacho hakizeeki, na hicho ndicho kilikuwa chembamba. Mtetezi anaweza kunijibu kwamba filamu ile iliwafungulia wengine njia ya kutengeneza binadamu wa kidijitali. Sawa. Lakini hiyo ni sifa ya barabara, mimi nazungumzia gari.

Hoja dhaifu kuliko zote nimeisikia hapa hapa kwetu, na mara nyingi kutoka kwa watu wanaojidai kuujua umma: kwamba mtazamaji wa Lubumbashi hana haja na hadithi, anataka gari liruke na nyumba ilipuke, mengine ni ya wasomi wa Bulaya. Anayesema hivi hajakaa na watu wa mji wake. Kwa miongo kadhaa kundi la maigizo la Mufwankolo lilikusanya familia nzima mbele ya redio na baadaye televisheni, kwa Kiswahili cha hapa, bila mlipuko hata mmoja. Mume mlevi, mkwe mjanja, mkubwa wa kazi anayekula peke yake: watu walikaa wakitaka kujua atanaswa vipi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufundisha Lubumbashi, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990, kuhusu jinsi kundi hilo lilivyotengeneza igizo moja la mwaka 1986. Waigizaji walianza na msemo kuhusu mamlaka, wakaubishania, wakagawana nafasi, wakajaribu onyesho kwa mdomo bila maandishi kamili, wakalibadilisha, wakajaribu tena. Kamera ilikuja mwishoni, kijijini Kawama. Kile ambacho Pixar walikifanya kwa michoro ya penseli, hawa walikifanya kwa midomo na miguu yao, katika ukumbi wa mazoezi ambao kosa halikumgharimu mtu franka moja.

Tshibumba Kanda Matulu naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchoraji huyu wa Lubumbashi alimchorea Fabian historia ya nchi nzima, picha takriban 100, kuanzia enzi za mababu hadi Zaire ya wakati wake na hata yajayo. Rangi zake ni chache, nyuso hazina kinyweleo. Alipokabidhi picha alikaa akaisimulia kwa Kiswahili: nani huyu, anakwenda wapi, kwa nini askari yule ameshika bunduki hivi, nini kilitokea kabla na nini kitakuja. Picha zile zinaishi mpaka leo kwa sababu zilichorwa na mtu aliyekuwa na la kusema kabla hajachovya brashi. Na wateja wa wachoraji wa namna yake hawakuwa wasomi wa Bulaya; walikuwa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli, waliotundika michoro sebuleni ili mgeni akiingia kuwe na la kuzungumza.

Kwa hiyo mtazamaji si tatizo, na mapokeo ya kusimulia hayajakosekana. Swali linabaki kwa mashine. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha Sora, mashine yake ya video, na Mei 2025 Google wakatoa Veo 3, inayotengeneza picha pamoja na sauti. Hoja ya wenye matumaini ni kwamba picha zikiwa rahisi, sasa tunaweza kukosea bila hasara, basi yale yaliyomkuta Sakaguchi hayatatukuta. Ingekuwa kweli kama mashine ingerekebishika. Jaribu wewe mwenyewe. Umepata sekunde nane nzuri, mama anavuka daraja akiwa na gunia la makala (makaa) kichwani, mwanga wa jioni nyuma yake. Sasa unataka mama yule yule ageuke, amuone mwanawe, asite. Unaandika tena, mashine inakuletea mama mwingine, gunia limekuwa beseni, daraja limehama. Unajaribu mara ya kumi na kila jaribio linakula salio. Mwishowe unafanya kama Sakaguchi: unaipokea picha iliyopatikana na kuibadilisha hadithi iifuate. Kusita kunatupwa, mama anaendelea kutembea, na sauti ya msimulizi inaongezwa juu kueleza kile ambacho picha ilikataa kuonyesha. Zana hizi zinaboreshwa haraka na huenda nywele na magunia yatatulia. Lakini tabia inayojengeka sasa, ya kukubali kilichotoka kwa kuwa kimetoka kizuri, haitaondoka kwa kuongeza toleo jipya.

Sekunde nane zenyewe nazo zina mapenzi yao. Zinatosha kwa mshangao, hazitoshi kwa mtu kubadili nia. Ukiunganisha mishangao 60 unapata dakika nane za mishangao. Angalia tena video za Lubumbashi ya mwaka 2100: ni kamera inayoruka juu ya mji. Haitui. Hakuna anayedaiwa kodi ya lupango, hakuna foleni ya maji, hakuna anayemficha mwenzake kitu. Tena mji wenyewe unafanana na Dubai kuliko Katuba, jambo lisiloshangaza kwa mashine iliyojifunza kutokana na picha zilizojaa intaneti, ambamo Katuba ni haba.

Kuna njia nyingine ya kuzifanya picha ziwe rahisi. Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyotoka mwaka 2024, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta nzuri kiasi anaweza kuipakua leo. Bajeti yake ilikuwa takriban euro milioni tatu na nusu, pesa nyingi kwetu, vumbi kwa Hollywood. Dunia imefunikwa na maji, binadamu hawapo, paka anapanda mashua pamoja na wanyama wasiojuana. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Ukitazama manyoya yake kwa karibu utaona hayana ustadi wa nywele za Aki, na mwaka 2025 ilipata Oscar ya katuni ndefu bora. Inavunja pia dhana ya baadhi ya waalimu wetu wa sinario kwamba hadithi ni mazungumzo. Paka anaogopa maji; mwishoni haogopi kama mwanzoni; kati ya hapo tumeona kila hatua ya badiliko hilo. Katika Blender ukitaka paka asite, unamrudisha nyuma na anasita, paka yule yule, ubao ule ule. Ni kazi ngumu na ya polepole, lakini uamuzi unabaki kwa msimuliaji.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wenzetu wametupa mfano wa karibu zaidi. Mama K's Team 4, mfululizo wa katuni uliotoka Netflix mwaka 2023, unatokea katika Lusaka ya siku zijazo. Malenga Mulendema, Mzambia aliyeubuni, hakuingia kwa kuonyesha picha za kung'aa. Aliingia kupitia shindano la hadithi ambalo studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini ililitangaza mwaka 2015 kwa bara zima, akawa mmoja wa wanane waliochaguliwa. Tangu wazo hadi skrini ilipita miaka minane hivi. Unaweza kuukosoa mfululizo wenyewe, ni wa watoto na una mapengo yake, lakini fuata mpangilio: wazo, kulisikilizisha, kulibishania, ndipo picha.

Na sisi malighafi tunayo, na safari hii sisemi kobalti. Uranium iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za kuondoka kazini, na mitaa mizima ikalazimika kubuni maisha mapya. Bunilizi ya kisayansi ya Katanga haihitaji kwenda mbali kutafuta dunia iliyochimbwa hadi rohoni. Inahitaji mtu mmoja ndani yake, mwenye jambo analolitaka na jambo analoogopa kupoteza. Mtoto wa mchimbaji wa Shinkolobwe anayeanza kuona ndoto za mji asioujua, ulioungua. Sikupi hadithi kamili, nakuonyesha tu kwamba hapo tayari kuna swali, na swali halijahitaji hata picha moja.

Jambo hili linawahusu zaidi wanaotoa pesa, kwa sababu wao ndio wanaopanga mfuatano bila kujua. Siku hizi mradi wa vijana na katuni huanza kwa kununua kompyuta, kulipia usajili wa mashine za video, na kumwalika mwalimu wa wiki moja. Mwisho wa wiki lazima kuwe na kitu cha kumwonyesha mfadhili, na kinachoonyeshwa ni picha, maana hadithi iliyo nusu njia haipigwi foto. Hapo hadithi imeshafungwa. Mwenye dola 5,000 angefanya vizuri zaidi kuwalipa watu wanne mwezi mmoja au miwili wakae na telefone ya kurekodi sauti, wasimulie filamu nzima kwa mdomo, waipeleke kwa wasikilizaji wasiowajua wa Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, wabaini ni wapi mama mmoja ameondoka kwenda kugeuza bukari (ugali) na hakurudi kusikiliza, na wapande juu yake michoro ya penseli. Mmoja wa hao wanne awe na ruhusa iliyoandikwa ya kusimamisha kazi, na huyo asiwe mwenye wazo. Mashine zibaki zimezimwa mpaka ruhusa hiyo iwe imetumika angalau mara moja.